Mwaka wa Kulipandisha Gari la Sista Mgata

Mwezi uliopita tulimzika Fundi Mwakyoma kijijini kwake Rungwe, pembeni ya migomba aliyoipanda mwenyewe baada ya kustaafu. Mwanawe mkubwa alinisogezea kipaza sauti akasema, "Shangazi, sema neno, wewe ulifanya naye kazi." Nikasimama, nikasema marehemu alikuwa fundi hodari, mwaminifu, mtu wa watu, nikakaa. Kwaya ikaendelea. Njia nzima ya kurudi Iringa nilikuwa najilaumu, maana maneno yale yangeweza kusemwa juu ya fundi yeyote aliyewahi kushika spana, na mimi nilikuwa na la kwake peke yake. Nilikuwa na mwaka mzima. Ningewaambia watu waliokaa pale kwenye turubai jinsi alivyotaka kulibeba kosa langu, na jinsi nilivyomkatalia, na jinsi alivyokasirika kwa kukataliwa. Sikusema. Kwa hiyo nimekaa hapa ofisini kwangu, nyuma ya gereji yangu, nayaandika.

Wazazi wangu nitawaacha, na shule nitaiacha. Itoshe kwamba nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nina cheti cha ufundi wa magari, na gereji tatu za mjini Mbeya zilikuwa zimeshaniambia nirudi nikiwa na kaka yangu. Ya nne ilikuwa ya Bwana Jayanti, upande wa Mwanjelwa, mbele duka la spea na nyuma uwanja wa kazi. Bwana Jayanti alikuwa mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, mzaliwa wa Mbeya, na alizungumza Kinyakyusa kila alipotaka wateja wasielewe, jambo ambalo halikumsaidia sana kwa kuwa nusu ya wateja wake walikuwa Wanyakyusa. Hakuniuliza cheti. Aliweka beringi tatu juu ya kaunta akasema, "Niambie mbovu ni zipi." Nikazizungusha moja moja karibu na sikio. "Hizi mbili mbovu," nikasema. "Hii nzima." Akatabasamu. "Hiyo unayosema nzima nimeitoa jana kwenye gari la mteja. Kwa nini niitoe kama ni nzima?" Nikaizungusha tena. Nilitamani sana kubadilisha jibu, ila sikio halikusikia kitu. "Sijui kwa nini uliitoa," nikasema, "lakini ni nzima." Ndipo akatokea mtu mrefu kutoka uani, mikono myeusi kwa griisi, akaichukua ile beringi, akaizungusha mara moja tu. "Binti anasema kweli," akamwambia tajiri wake. "Uliitoa nzima." Huyo ndiye Fundi Mwakyoma. Nilianza kazi kesho yake, katikati ya baridi ya mwezi wa sita, wakati asubuhi ukungu unateremka kutoka mlima Loleza na spana zinabana vidole kama barafu.

Nikiulizwa leo ni nini ninachokikumbuka zaidi pale, nitasema chakula. Kulikuwa na chumba kidogo kati ya duka na uwanja, upande mmoja kabati la gasketi, upande wa pili kiti cha nyuma cha gari fulani kilichogeuzwa kuwa kochi letu. Saa saba tulinawa mikono kwa sabuni ya unga na mchanga, tukakaa hapo sote watatu. Mama yake Bwana Jayanti, ambaye wote tulimwita Ba, yaani mama kwa Kigujarati, aliishi ghorofani na hakula nyama, na kila siku aliteremka ngazi moja moja na sufuria la dengu na chapati laini zilizofungwa kwenye kitambaa. Fundi alileta hotpoti ya ndizi zilizopikwa na maharage, au viazi vya Uyole na parachichi. Mimi mwanzoni nilileta mkono mtupu na aibu, kisha nikaanza kuleta mahindi ya kuchemsha. Tulikula vyote kwa pamoja. Fundi aliweka achari ya Ba juu ya ndizi za kwao, na Ba alikuwa akimtazama kama mtu anayeona kanisa limegeuzwa ghala, lakini kesho yake aliongeza achari. Nimekula kwenye hoteli kubwa tangu wakati ule, na sijawahi kukaa mezani nikiwa na amani ya namna ile, kutumwa kuongeza chai bila kuulizwa kama naiweza kazi.

Gari la Sista Mgata lilikuja mwezi wa nane. Sista hakuwa mtawa. Alikuwa muuguzi, Mhehe wa Iringa, mwanamke wa miaka kama arobaini na tano, mfupi, mwenye sauti ya chini, na aliendesha mwenyewe. Kanisa moja la Iringa lilikuwa limempa gari kuukuu la kuvuta kwa magurudumu yote manne ili apeleke kliniki ya mama na mtoto kwenye vijiji vya bonde la mpunga, kuanzia Madibira hadi pembeni ya Ubaruku. Anayeyajua maeneo hayo wakati wa masika anajua maana yake. Ule udongo mweusi ukilowa unashika tairi kama ugali, na kila baada ya hatua chache kuna mfereji wa kumwagilia mashamba. Mwaka uliotangulia alikwama siku mbili, akiwa na akina mama wanaomsubiri ng'ambo ya maji, anawaona kabisa. "Walikuwa wananipungia mkono," alituambia, amesimama uwanjani na mkoba wake. "Na mimi nawapungia. Siku mbili tunapungiana. Sitaki tena. Nitengenezeeni gari lipite."

Fundi akafungua difu ya nyuma, lile bonge la gia lililo kati ya magurudumu, na mafuta yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia. Akanigeukia. "Yamepitia wapi?" Nikaangalia sili, zile pete za mpira za kuzuia mafuta, nzima. Nikafikiri. Difu inapashwa moto na safari, halafu inatumbukia kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa, inavuta. Juu ya difu kuna kitundu kidogo cha kupumulia. "Hapa," nikasema. "Imekunywa kwa pua." Alicheka hadi akakaa chini. Tulihitaji kamrija kembamba ka kupandisha pua hiyo hadi juu, na dukani hakukuwa na saizi yake, basi Sista akafungua mkoba wake akatoa mpira wa dripu. Tuliufunga palepale kwa muda, ukapanda kando ya chesisi hadi chini ya boneti, unang'aa kama gari limelazwa wodini. Baadaye tuliweka mpira wa kudumu, lakini Sista alikuwa ameshafurahi, na tangu siku hiyo akija alikuwa ananisalimia kwanza mimi. "Kamwene, daktari wa mapua."

Kazi ile ilituchukua hadi mwezi wa kumi, katikati ya kazi nyingine. Tulitengeneza bomba la kuvutia hewa na kulipandisha hadi usawa wa paa, ili injini isinywe maji kama ilivyokunywa difu. Tulichomelea bamba la chuma chini ya tangi. Tulitafuta tairi pana zenye meno. Na tulilipandisha gari lenyewe: tukashusha springi zake, zile za vyuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, tukaziongezea vyuma viwili kila moja, na gari likainuka kwa upana wa kiganja. Fundi alinipa upande wa nyuma niufanye peke yangu, springi, shokapu na breki. Hakusema kwa nini. Alisema tu, "Nyuma ni kwako," akaondoka, na mimi nikabaki nimeshika jeki, moyo unanidunda kwa furaha ambayo leo, nikiwa mtu mzima, ninamwonea wivu msichana yule kuwa nayo. Nilikuwa naamka kabla ya jua ili niende nikalale chini ya gari la mtu.

Gari likiinuliwa, mipira inayopitisha mafuta ya breki kutoka kwenye chesisi kwenda kwenye ekseli ya magurudumu inakuwa mifupi. Hilo nililijua. Ya mbele mirefu tuliipata dukani. Wa nyuma ulitakiwa kuagizwa Dar es Salaam, na ulichelewa, na Sista alikuwa na kliniki Alhamisi. Jumatano mchana nililala chini nikauangalia mpira wa zamani. Gari lilikuwa limesimama kwa magurudumu yake, na mpira ulikuwa umelegea kidogo, una nafasi. Nikaushika, nikauchezesha. Nikajiambia unatosha. Fundi akapita akifuta mikono, harufu ya dengu imeshafika uwanjani. "Umemaliza nyuma?" akauliza. "Nimemaliza," nikasema. Akainama kutazama, Ba akaita, akainuka. Tukaenda kula.

Nimelifikiria neno lile mara nyingi kuliko maneno mengi makubwa niliyowahi kusema. Halikuwa uongo wa kupanga. Nilitaka kuwa mtu aliyemaliza. Nilitaka Sista aje Alhamisi asubuhi akute gari limesimama tayari, juu, pana, zuri kama tulivyomwahidi, na ndivyo alivyolikuta. Alizunguka mara mbili, akagonga tairi kwa kiatu, akapanda. Tukasimama getini kumwangalia akiondoka, na Bwana Jayanti akasema gari limekuwa na mwendo wa tembo.

Lilipita kila mahali kwa wiki kumi. Taarifa zilitujia kupitia kwa madereva wa malori ya mpunga: gari la kliniki limevuka mfereji huu, limepita tope lile. Kisha, siku chache baada ya mwaka mpya, simu ya dukani ililia. Nilikuwa stoo, chumba kilichotengwa na ofisi ya Bwana Jayanti kwa wavu wa waya tu, naosha sehemu za kabureta kwa petroli. Nikamsikia anasema, "Sista. Ndiyo. Pole. Pole sana. Uko wapi?" Mengine niliyajua baadaye. Sista alikuwa anapiga simu kutoka Mafinga. Kabla ya hapo alikuwa anateremka mlima kwenda Madibira na wahudumu wawili na masanduku ya chanjo, na alipokanyaga breki kanyagio likaenda hadi chini bila kukutana na kitu. Breki za gari lile zilikuwa za kizamani, za njia moja, mpira mmoja ukipasuka zimekwenda zote. Akaingiza gia ya chini kabisa, injini ikalia, akaliegemeza gari kwenye ukingo wa barabara upande wa mlima, likaburuza, likasimama. Sanduku moja la chanjo lilipasuka. Yeye aliumia mkono. Wahudumu walikuwa wazima. Upande wa pili wa barabara kulikuwa na bonde.

Bwana Jayanti alimwita Fundi, wakafunga mlango, wakaanza Kinyakyusa. Nadhani walisahau kwamba nipo nyuma ya waya, au walisahau mimi ni wa kabila gani. "Breki za nyuma alifunga nani?" Bwana Jayanti akauliza. "Gari lilitoka mkononi mwangu," Fundi akasema. "Sijauliza lilitoka kwa nani. Nauliza nani alifunga." "Mimi ndiye fundi mkuu. Nilitakiwa kuangalia, nikawa na haraka ya chakula." "Mwakyoma, miaka kumi na minane hujawahi kuwa na haraka ya chakula." "Siku hiyo nilikuwa nayo," Fundi akasema. "Andika ni mimi. Yule akiondoka hapa na jambo hili, hakuna gereji itakayompokea. Mimi watanipokea."

Mikono yangu ilikuwa ndani ya petroli na nilihisi baridi hadi kwenye mabega. Njia ya kutoka stoo hadi ofisini ni hatua sita. Nilizihesabu, kwa sababu katika zile hatua nilikuwa bado naweza kugeuka nikaenda zangu chooni. Nilifungua mlango bila kubisha. "Mpira wa nyuma niliuacha wa zamani," nikasema, kwa Kinyakyusa chao hicho hicho. "Nilijua ni mfupi. Fundi aliniuliza kama nimemaliza nikamwambia nimemaliza." Bwana Jayanti akavua miwani. Fundi hakuniangalia mimi, aliangalia ukuta, na nikaona shingo yake inabadilika rangi. Alitoka akanipita. Nilimfuata uwanjani. "Nilikuwa nimeshalimaliza jambo lile," akasema kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia kwake. "Halikuwa lako, Fundi," nikasema. Akachukua koti lake akaenda nyumbani mchana kweupe.

Siku tatu hakuzungumza nami. Chakula tulikula, maana Ba hakukubali mtu asile, lakini tulikula kama watu wa kituo cha basi. Siku ya nne gari lilikuja likivutwa na lori. Fundi akaliinua nyuma kwa jeki, akaweka magogo chini ya chesisi, akaachia ekseli ining'inie, magurudumu hewani. "Lala chini," akaniambia. Nililala. Mpira uliokuwa umelegea siku ile ulikuwa sasa umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, na penye kiungo cha juu palikuwa na mpasuko ulioanza kidogo kidogo, kila mara gari lilipopanda tuta la mfereji na gurudumu moja kubaki linaning'inia. Fundi naye akalala chini, bega kwa bega nami, tukitazama. "Nilikufundisha kuliangalia gari likiwa limesimama," akasema. "Sikukufundisha kuliangalia likiwa linaning'inia. Hilo ni langu. Lililobaki ni lako." Nikasema sawa. Hivyo ndivyo tulivyopatana, chini ya gari, hakuna aliyemwona mwenzake usoni, na hadi leo sijui kama alikuwa analia au ni vumbi, na yeye hakujua kuhusu mimi.

Sista Mgata alikuja wiki hiyo na mkono kwenye kitambaa cha shingoni. Bwana Jayanti alimpa kiti, akamwombea radhi, akamwahidi kwamba safari hii Fundi Mwakyoma mwenyewe atafunga kila kitu. Sista akamsikiliza hadi mwisho. "Nani aliuacha ule mpira?" akauliza. "Mimi," nikasema. Nilisubiri aniite jina lolote baya. Aliniangalia sana, kama wauguzi wanavyomwangalia mgonjwa anayesema haumwi. "Basi atengeneze huyo huyo," akasema. "Wengine sijui wataacha nini. Yeye mpira hatauacha." Kisha akaongeza, bila kupandisha sauti, "Na kabla sijarudi bondeni nina kliniki Ruaha Mbuyuni. Siku hiyo tutashuka mlima Kitonga, na yeye atakaa pembeni yangu."

Nilitengeneza kwa wiki mbili kazi ambayo leo naifanya kwa siku mbili. Mpira mrefu ulikuja kutoka Dar, nikaufunga nikaufungua nikaufunga. Nilitoa upepo kwenye breki mara nne, Fundi akikanyaga kanyagio na mimi nikifungua nati, yeye anaita "Nimeshika," mimi naita "Achia," hadi Ba akasema ghorofani anasikia wimbo mmoja tangu asubuhi. Niliangalia kila kitu kikiwa kimesimama na kila kitu kikiwa kinaning'inia. Mwisho Fundi akaniuliza, "Umemaliza?" Nikasema, "Njoo uangalie." Akaja, akaangalia kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuangalia kazi ya mtu mbele yangu, na chapati zikapoa.

Kitonga tuliishuka mwezi wa tatu, asubuhi, mvua imekatika na lami inatoa mvuke. Wanaoijua barabara hiyo hawahitaji kuelezwa: ukuta wa mlima upande mmoja, korongo upande mwingine, malori yanayopanda kwa kunung'unika, na matawi yaliyotupwa barabarani kuonya kwamba kwenye kona inayofuata kuna lori moja limekufa. Sista aliendesha kwa mkono uliopona juzi, polepole. Kila alipokanyaga breki na mimi nilikanyaga sakafu. Kwenye kona kali lori likatokea katikati ya barabara, akakanyaga kwa nguvu, na gari likasimama palepale, zima, kimya, kama limeshikwa na mikono. Lori likapita. Sista akashusha pumzi. "Unaweza kuuinua mguu wako sasa," akasema. "Utatoboa sakafu ya gari la kanisa."

Ruaha Mbuyuni alipima watoto hadi saa nane, mimi nikiwaandika majina kwenye kadi, kisha tukala kwa mama mmoja kando ya barabara, wali na mbuzi wa kuchoma na kachumbari ya vitunguu na nyanya vilivyotoka shambani kwa wenyewe asubuhi ile. Kule chini kuna joto, nilikuwa nimevua sweta langu la Mbeya. Tulikula kwa mikono. Alinisimulia kuhusu mwaka wake wa kwanza wa uuguzi, jambo alilolisahau kwa mgonjwa mmoja, na jinsi matroni wake alivyomrudisha kwenye kitanda kile kile kesho yake. Hakusema ananiambia kwa nini. Aliponawa mikono alitoa funguo mfukoni akaziweka mbele yangu juu ya meza. "Nimechoka," akasema. "Pandisha wewe."

Sikuwa nimewahi kuendesha mlima ule. Niliingia, nikasogeza kiti, nikavuta pumzi, nikaondoka. Nilipanda kwa gia ya pili, nyuma ya lori la vitunguu, nikiisikiliza injini, difu, springi, kila kitu ambacho mikono yangu ilikuwa imekishika. Hewa ikaanza kupoa. Kwenye kona ya juu kabisa, pale korongo linapoonekana lote hadi chini, nilitaka kumwuliza kama naenda vizuri. Nikageuka kushoto. Sista Mgata alikuwa amelala, kichwa kwenye kioo, mdomo wazi kidogo, mikono imekaa mapajani. Nikarudisha macho barabarani, nikapunguza mwendo kidogo asije akaamka, nikaendelea kupanda.